Kikulacho ki tangini: shajara ya kumsaka mla Montipora

Jumamosi jioni

Montipora ya sahani, lile tumbawe la zambarau upande wa kulia wa tangi langu la maji ya chumvi, inaliwa. Nimeitazama kutwa nzima na sina neno jingine. Ukingo wake kwa kawaida una utepe mwembamba uliopauka, ndiyo sehemu inayokua. Leo utepe huo umekatika mahali pengi na badala yake kuna mabaka meupe pe. Kubwa kuliko yote ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nyama ya zambarau inafika mpakani, inakoma ghafla, kisha chokaa tupu, yaani mifupa ya tumbawe.

Mpaka huo ndio ulioniambia niache kufikiria joto au mwanga. Tumbawe lililopauka kwa joto hubaki na nyama yake. Ukilikaribia utaona polipu, wale wanyama wadogo wanaounda tumbawe, bado zipo, zinapitisha mwanga kama plastiki nyembamba, kilichoondoka ni mwani mdogo unaoishi ndani yake tu. Hapa nyama haipo kabisa. Nimepitisha lenzi juu ya baka na kuona vishimo vya mifupa vikiwa vitupu, visafi, hata mwani wa kijani haujaanza kuota. Maana yake jeraha ni la juzijuzi.

Hata hivyo maji nimepima, kwa sababu alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ikiyumba matumbawe huvua nyama kuanzia ukingoni au chini kwenye shina, na kwa mbali jeraha hilo hufanana na la kuliwa. Uzito wa chumvi 1.026, joto nyuzi 25.5, alkaliniti 8.2, kalsiamu 430, magnesi 1,350, naitreti 8. Hazina tofauti ya maana na za wiki iliyopita. Akropora, tumbawe jingine, aliye shibri moja kutoka hapo ametoa polipu zake zote, na kwa uzoefu wangu Akropora ndiye wa kwanza kununa maji yakiharibika. Maji nayafutia mashtaka.

Usiku huohuo

Saa mbili baada ya taa kuzimwa nimerudi na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya plastiki. Wengi wa wanyama wanaotoka usiku hawaujali mwanga mwekundu. Tochi nyeupe ungewaona sekunde moja tu, mkia unaishilia ndani ya jiwe.

Washukiwa ni hawa. Juu kabisa ya baka kubwa, mnyoo wenye manyoya, urefu wa kidole, rangi ya waridi yenye vishungi vyeupe kila upande, kichwa amekiinamisha pale nyama inapoanzia. Chini ya sahani, kwenye ufa wa jiwe, kaa mweusi mwenye nywele miguuni na ncha nyeusi za magando. Kwenye kioo, viti vya pweza wadogo wa Asterina, wale wa kijivu wasiozidi ukucha, wawili watatu hivi, na mmoja juu ya jiwe karibu na Montipora.

Nilimtumia picha ya mnyoo rafiki yangu aliyenipa kipande cha kwanza cha tumbawe maishani. Akajibu papo hapo: "Kaka, huyo mtoe usiku huu huu, amekamatwa na ngozi." Nikamwambia kaka, tulia. Mnyoo wa aina hii hula mabaki ya chakula, kinyesi, na nyama inayooza. Jeraha likitokea yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiyo maana kila mara anayepigwa picha ni yeye. Kumkuta kwenye baka kunathibitisha kwamba kuna baka, basi.

Yupo mnyoo wa manyoya anayekula matumbawe kweli, Hermodice carunculata, wa Atlantiki na Mediterania. Huyo ana kitu kama kishada cha nyama kilichokunjamana juu ya kichwa, na huonekana hata kwa macho akikua. Wangu hana. Yupo pia Eunice, mrefu, mwenye mng'ao wa rangirangi mwilini, vipapasio vitano kichwani na mataya. Akiwa mkubwa huyo ni balaa, lakini vipapasio vile huwezi kuvikosa. Wangu hana hivyo pia. Nimemwacha. Wenye kumgusa, tumieni kibano: manyoya yake huvunjikia kwenye ngozi na kuwasha kutwa.

Kaa ni habari nyingine. Wapo kaa wanaoishi ndani ya matumbawe yenye matawi na kuyalinda. Trapezia, mwenye gamba laini linalong'aa lisilo na nywele, hukaa kwenye Pocillopora, husafisha mchanga unaotua juu yake, na porini ameonekana akimbana miguu kiti cha pweza mwenye miiba, Acanthaster, hadi akageuza njia. Kumtoa huyo ni kulivua tumbawe ulinzi. Huyu wangu mwenye nywele na ncha nyeusi hayumo katika ukoo huo. Kaa wa sampuli yake hula chochote kinachofikika, pamoja na konokono, samaki waliolala, na wakati mwingine polipu. Lakini gando lingeacha mkwaruzo na vipande vilivyovunjika. Baka la Montipora limelambwa, halikumegwa. Kaa nitamshughulikia kwa sababu zake mwenyewe.

Asterina? Wengi wao hula utando wa mwani kwenye kioo. Wapo wanaohama kwenda kwenye zoantidi, zile polipu laini zisizo na mifupa ya chokaa, au kula mwani wa waridi wa chokaa, na ukimkuta mmoja akiwa ameketi juu ya polipu kwa saa nyingi huku chini yake pamekuwa peupe, mtoe. Wangu hawako juu ya tumbawe lolote.

Mla Montipora, basi, bado sijamwona.

Jumapili asubuhi

Nimemwona.

Nilizima pampu za mkondo, nikaitoa sahani taratibu pamoja na kigingi chake, yaani kitako kidogo ilichogandishiwa, na kuiweka kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi lenyewe. Kisha nikaigeuza. Hilo la kugeuza ndilo la maana: mabaka ninayoyaona juu ni mwisho tu wa kazi iliyoanza chini. Upande wa chini ulikuwa umeliwa eneo pana kuliko nilivyodhani, na ukuta wa jeraha ulikuwa umepanda hadi ukingoni ndipo ukaonekana.

Nikachukua bomba la mpira, lile la kupulizia, nikapiga maji kwa nguvu kwenye mpaka wa nyama na chokaa. Vikaruka vipande vyeupe vidogo, vikaelea, vikatua chini ya beseni. Vingine vilikuwa uchafu. Vitatu vikaanza kutembea.

Chini ya lenzi: mwili mweupe unaoelekea maziwa, haufiki sentimita moja, pembe mbili mbele, na mgongoni safu za vidole vyenye uvimbeuvimbe, ncha zake nyeupe na ndani yake rangi ya kahawia. Ukimgusa kwa ncha ya kibano hujikunja kidogo, vidole vyote vikasimama, kisha huendelea na safari. Huyu ni konokono uchi, yaani nudibranki, anayekula Montipora. Amepigwa picha na wafugaji wa matumbawe kwa miaka mingi akijulikana kwa kazi yake tu. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 2020: Phestilla subodiosa. Kilichowafikisha konokono hawa kwenye karatasi ya kisayansi ni biashara ya akwariamu, maana ndimo walimokusanywa.

Pembeni ya jeraha, kwenye chokaa iliyokufa karibu kabisa na nyama hai, nimepata mayai: kijifuko cheupe kidogo mno, kinachopita mwanga, kimegandishwa. Kingine kwenye kiungo cha sahani na kigingi. Kingine ndani ya tundu la kigingi, mahali ambapo hata bomba la mpira halifiki. Hicho cha mwisho kimenikosesha raha kuliko wanyama wenyewe.

Jumapili mchana

Mambo mawili yanaamua kila kitu hapa.

La kwanza, Phestilla huyu anakula Montipora. Hageukii Akropora wala zoantidi akikosa. Hii ni habari njema kupita zote: tangi lisilo na Montipora hata kipande ni tangi ambamo atakufa njaa.

La pili, dawa ya kuzamishia matumbawe inaua wanaotembea, mayai haiyaui. Ndiyo maana mtu anazamisha mara moja, anaona beseni limejaa maiti, anafurahi, anarudisha tumbawe, na baada ya muda mfupi anaanza upya. Kuzamisha kunapaswa kurudiwa kila baada ya siku tano hadi saba, ili kila wimbi linaloanguliwa lipatwe kabla halijakua na kutaga.

Kwa hiyo Montipora zote zinahamia tangi la pembeni, na tangi kubwa linakaa bila Montipora. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu sahani ni rahisi, unaishika na kuinyanyua. Ninayo Montipora nyingine inayotambaa, ya kijani, ambayo imefunika nusu ya jiwe kubwa la katikati na kuanza kushuka nyuma yake. Hiyo huwezi kuiondoa kama kipande.

Njia zilikuwa tatu. Kuibandua kwa patasi jiwe likiwa ndani ya maji: utaacha mabaki nyufani, na kila bakio la nyama lenye ukubwa wa punje ya mchele ni shamba kwa Phestilla. Kuifunika yote kwa udongo wa epoksi: inawezekana, lakini nyuma ya jiwe sioni, na ninachokifunika nisichokiona hakijafunikwa. Au kutoa jiwe zima. Nimetoa jiwe zima. Mpangilio wa mawe niliousumbukia umekuwa pengo, na samaki wamekaa kona moja kutwa wakinitazama kama mwizi.

Chini ya jiwe, kwenye ukingo wa nyuma, mabaka yaleyale. Kijani kilikuwa kimeliwa pia, ila kimya, upande usiotazamwa.

Jumapili jioni, kuzamisha

Ndoo tatu, zote za maji ya tangi yenye joto na chumvi ileile. Ya kwanza ina dawa ya kuzamishia, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye chupa. Ya pili na ya tatu ni za kusuuza. Pampu ndogo ndani ya ndoo ya dawa, kwa sababu maji yakituama dawa haiingii chini ya sahani. Nilijaribu kwanza kipande kimoja kidogo cha kijani na kukiacha saa kadhaa nione kama kinavua nyama. Hakikuvua. Ndipo wengine wakafuata, dakika 10 kila mmoja, huku bomba la mpira likipuliza kila pembe.

Wenye kutumia iodini au kloridi ya potasiamu nao hupata matokeo. Sina ugomvi na chupa yoyote. Ninachosisitiza ni kupuliza. Phestilla aliyelegea bila kung'oka atabaki ameshikilia, na ukimrudisha kwenye maji safi mapema ataamka.

Baada ya kusuuza, kazi ya mikono. Vigingi vyote vimekatwa na kutupwa. Chokaa iliyokufa imekwanguliwa kwa kisu na mswaki mgumu hadi milimita chache ndani ya nyama hai, kwa makusudi, kwani mayai hukaa pale mpakani. Kila kipande kimegandishwa kwa gundi ya papo kwa papo kwenye kigingi kipya, laini, kisicho na matundu. Nyama iliyokatwa itapona. Maji ya ndoo yamemwagwa bombani, hayarudi tangini hata tone.

Nilichuja ndoo ya kwanza kwenye kitambaa cheupe. Phestilla wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao wadogo wasioonekana bila lenzi, pamoja na vikamba wadogo ambao hawakuwa na hatia.

Katikati ya wiki

Kaa amekamatwa. Glasi ya kunywea imeinamishwa kwenye mchanga chini ya ufa wake, kipande cha nyama ya kamba ndani, na asubuhi yumo anakwaruza kioo. Anaishi sasa kwenye tangi la chini kati ya mwani. Nimemwekea kigingi chenye polipu za ziada nione. Hajazigusa, jambo ambalo halimsafishi, kwa kuwa anapewa chakula.

Zoantidi za kona ya kushoto zimefunga tangu juzi. Kwa kuwa nimeshakuwa mwenye shaka na kila kitu, nimekitoa kigingi na kukikagua. Kati ya mashina, konokono mdogo mviringo, gamba lake la vipande vyeusi na vyeupe kama drafti likijizungusha kwa ngazi: Heliacus. Huyu hahitaji kesi ndefu, ni mla zoantidi. Hujificha mchana katikati ya polipu na kula usiku. Wawili wametolewa kwa kibano. Nimetafuta pia konokono uchi wa zoantidi, ambao huchukua rangi ya polipu wanazokula na kwa hiyo hutazamwa bila kuonekana. Hawakuwepo. Kesho yake zoantidi zimefunguka.

Jumamosi, raundi ya pili

Phestilla hai waliotoka ni wachache, wote wadogo. Hao ndio walioanguliwa tangu Jumapili. Mayai mapya mahali pamoja, kwenye sahani ya zambarau, yamekwanguliwa.

Kwa kuwa mikono ilikuwa imeshalowa, nimewakagua Akropora pia. Adui wao ni mnyoo bapa, ambaye husemwa sana na kuonekana kwa nadra. Ni mwembamba, anapitisha mwanga, na rangi yake huungana na ya tumbawe. Alielezwa kisayansi mwaka 2011 kutoka kwenye akwariamu, akiitwa Amakusaplana acroporae, na 2012 ikatangazwa kwamba ameonekana porini, Lizard Island kwenye Great Barrier Reef. Siku hizi yumo kwenye jenasi Prosthiostomum. Alama zake ni madoa ya duara yaliyopauka, mengi, yakianzia chini ambako kivuli kipo, na mayai ya rangi ya kahawia ya kaharabu kwenye chokaa tupu ya shina. Nimepuliza kila tawi juu ya beseni jeupe. Hakuna kilichodondoka ila uchafu. Mashina ni safi.

Nilitazama pia kunguni wekundu, Tegastes acroporanus, ambao kwa kweli ni kopepodi, jamii ya kamba wadogo mno, wa manjano wenye doa jekundu, hawafiki nusu milimita. Akropora mwenye hao huficha polipu na kupoteza rangi polepole. Hawapo, na nashukuru, kwa sababu dawa yao ya kawaida ni milbemisini, ile ya minyoo ya moyo ya mbwa, na inapoingia tangini inaondoka na kamba na kaa wote wasiohamishwa.

Rafiki yangu ameuliza kwa nini sinunui yule samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, "akumalizie kazi, kaka." Kweli hudona minyoo bapa na konokono wadogo siku nzima. Lakini anadona mchana, juu. Phestilla yuko chini ya sahani, mahali mdomo wake haupiti. Atapunguza wanaoonekana, na mimi nitaacha kuwaona huku wakiendelea. Isitoshe ni mkali kwa samaki wapole, na humaliza vikamba wadogo ninaowataka. Samaki wa namna hiyo ningempa tangi ambalo tayari ni safi, awe mlinzi.

Raundi zilizofuata

Raundi ya tatu: hakuna aliyetembea. Kijifuko kimoja cha mayai chini ya kijani, kitupu au chenye mayai, sikuweza kuamua, kimekwanguliwa.

Raundi ya nne: hakuna kitu kwenye kitambaa. Ukingo wa zambarau umeanza kufunika chokaa iliyokwanguliwa, nyama mpya ikiwa nyembamba na iliyopauka, na upande mmoja imeshapita kwenye gundi na kushika kigingi. Kijani kinakwenda polepole zaidi. Pembe moja ya jiwe ilivua nyama baada ya kuzamishwa mara nyingi. Nimeikata kabisa kuliko kuendelea kuibembeleza.

Raundi ya tano sikuweka dawa. Nilipuliza tu kwenye maji safi ya tangi, nikageuza kila kipande chini ya lenzi, kisha usiku nikarudi na tochi nyekundu. Kuzamisha kunachosha tumbawe, na dawa isiyo na wa kuua ni adhabu kwa mgonjwa. Nimeona polipu zimetoka zote, mnyoo mmoja wa manyoya aliyehamia na jiwe akizunguka kwenye mabaki ya chakula, na hakuna jeraha hata moja alilolikaribia. Nimempigia picha rafiki yangu. Amejibu, "Haya, nimemsamehe."

Hali ilivyo leo

Tangi kubwa bado halina Montipora. Nimekagua mawe yote kwa tochi ya mwanga wa buluu, maana nyama ya kijani hung'aa chini yake, na nyuma ya pampu ya kushoto nimekuta kipande cha kijani kisichozidi punje ya mchele, kimejishika kwenye mwamba, pengine kilimeguka siku nilipotoa jiwe. Kilikuwa na afya, hakijaliwa. Nimekifunika kwa epoksi hata hivyo, na hesabu ya kungojea imeanza upya tangu siku hiyo, kwa sababu hadi pale kulikuwa na chakula.

Sahani ya zambarau itarudi kwanza, peke yake, kwenye kigingi kinachotoka bila kuvunja kitu, nje kwenye mchanga ninapoweza kuigeuza kila wiki. Jiwe la kijani litafuata sahani ikipita kaguzi mbili mfululizo chini ikiwa safi. Kaa anabaki alipo.